Bastola za Jeshi kwa Bahati Nasibu: Thamani Imo Katika Namba ya Foleni

Mzigo: bastola 8,000. Maombi: karibu 19,000. Bei: imepangwa tangu mwanzo, haipandi wala haishuki. Mfanyabiashara yeyote akipewa tarakimu hizo tatu atasema mwenye mali amekosea kupanga bei. Marekani mwaka 2018 walizipanga hivyo kwa makusudi, kisha badala ya kuacha wanunuzi wasukumane mlangoni, wakaiachia kompyuta itoe namba.

Bidhaa yenyewe ni bastola aina ya M1911, ya inchi 0.45, iliyobuniwa na John Moses Browning na kupitishwa na Jeshi la Nchi Kavu la Marekani mwezi Machi 1911. Ina uzito wa kilo moja na ushei, na magazini yake hubeba risasi 7. Jeshi liliitaka baada ya rivolva zake ndogo kuonekana dhaifu katika vita vya Ufilipino. Ilifanyiwa marekebisho madogo katika miaka ya 1920 na kuitwa M1911A1, ikapigana vita vikuu viwili, Korea na Vietnam, hadi mwaka 1985 ilipotangazwa kwamba Beretta ya milimita 9 inachukua nafasi yake. Zaidi ya milioni 2 zilikuwa zimetengenezwa kwa ajili ya majeshi ya nchi hiyo.

Tangu hapo zilizobaki zikawa mzigo wa ghalani. Mwaka 2015 ilielezwa Bungeni mjini Washington kwamba jeshi lilikuwa na bastola hizo zipatazo 100,000, na kwamba kuzihifadhi kuligharimu takriban dola 2 kwa bastola moja kwa mwaka, yaani dola 200,000 hivi kila mwaka kwa kitu ambacho hakuna askari anayekitumia. Mbunge Mike Rogers wa Alabama, ambako ndiko lilipo ghala la Anniston, alishika bango kutaka ziuzwe kwa raia. Sheria ya ulinzi iliyotiwa saini na Rais Obama mwezi Novemba 2015 iliruhusu jambo hilo, bila kulilazimisha, na kwa mwaka mmoja wa majaribio, bastola hazikutoka. Sheria iliyotiwa saini na Rais Trump mwezi Desemba 2017 ndiyo iliyofungua mlango: jeshi litoe bastola zisizopungua 8,000, na zisizozidi 10,000 kwa mwaka.

MUUZAJI NI NANI

Jeshi haliuzi lenyewe. Muuzaji ni Civilian Marksmanship Program, CMP kwa kifupi, shirika lisilo la kugawana faida lenye hati kutoka Bunge la nchi hiyo. Asili yake ni mwaka 1903, serikali ilipotaka raia wajue kulenga shabaha kabla hawajaitwa vitani. Kwa miongo mingi lilikuwa ofisi ndani ya jeshi. Mwaka 1996 likatolewa serikalini na kuambiwa lijitegemee kwa kuuza silaha za ziada, hasa bunduki za M1 Garand, na mapato yaende kwenye mafunzo na mashindano.

Hapa kuna jambo la kuangalia. Shirika hilo linaweza kumpelekea mteja bunduki ndefu hadi mlangoni kwake, kwa kuwa sheria imelipa msamaha ambao duka la kawaida halina. Kwa bastola msamaha huo haupo. Wabunge walijua bastola hufichika mfukoni na hutumika zaidi katika uhalifu, hivyo wakaamuru ziuzwe kwa kufuata kanuni zote zinazombana mwenye duka la silaha. Kwa maana hiyo mnunuzi huchunguzwa mara mbili: kwanza na CMP kabla ya mauzo, kisha na mwenye duka mwenye leseni aliyepelekewa mzigo, naye hutoza ada yake ndipo amkabidhi.

Mwombaji alitakiwa awe raia wa Marekani, awe ametimiza miaka 21, awe mwanachama wa klabu iliyoungana na CMP, na awe na uthibitisho kwamba amewahi kushiriki mafunzo au mashindano ya shabaha. Wazee waliopita miaka 60 walisamehewa sharti hilo la mwisho. Mswahili aliyeko Ohio au Minnesota ambaye amekwisha kula kiapo cha uraia anaweza kuomba kama jirani yake; mwenye kibali cha kuishi tu hawezi. Na aliyeipata asifikirie kumletea mjomba zawadi Mombasa au Tanga. Kutoa bastola Marekani kunahitaji kibali cha kusafirisha silaha nje, na huku nyumbani kuingiza silaha bila kibali ni kesi ya mahakamani.

NAMNA FOLENI ILIVYOPANGWA

Maombi ya raundi ya kwanza yalipokelewa kwa posta tu, yakiwa na muhuri wa kati ya Septemba 4 na Oktoba 4, 2018. Kuwahi hakukusaidia. Bahasha ya siku ya kwanza na ya siku ya mwisho zilikuwa sawa, ilimradi muhuri uko ndani ya tarehe. Mtu mmoja alipeleka bahasha moja. Dirisha lilipofungwa, kompyuta ilimpa kila mwombaji namba bila kufuata herufi, umri wala jimbo, na kila mmoja akajulishwa namba yake kwa barua pepe.

Kisha simu zikaanza kupigwa kwa kufuata namba, moja, mbili, tatu, kwenda mbele. Mteja aliyepigiwa aliulizwa anataka daraja gani kati ya yale yaliyobaki siku hiyo. Daraja la juu, lililoitwa Service, lilikuwa dola 1,050. La kati, Field, dola 950. La chini, Rack, dola 850. Malipo yalifanyika wakati huo wa simu. Bastola chache zilizoonekana kuwa na sifa za pekee ziliwekwa kando kwa ajili ya mnada, ambako anayepandisha bei ndiye anayeondoka nazo.

Wauza mitumba wa Gikomba hawahitaji kuelezwa zaidi. Belo likifunguliwa, wa kwanza huchagua "kamera", wa mwisho hubaki na "fagia". Tofauti ni kwamba Gikomba anayechagua kwanza hulipa zaidi, wakati hapa mwenye namba 200 na mwenye namba 7,000 walioneshwa orodha ileile ya bei. Mwenye namba 200 alikuta madaraja yote yapo. Mwenye namba 7,000 alichukua alichokikuta.

Ukigawanya 8,000 kwa 19,000 unapata asilimia 42. Lakini asilimia hiyo inadanganya kidogo. Wapo waliokataa walipopigiwa kwa sababu daraja walilolitaka limekwisha, wapo walioshindwa uchunguzi, wapo ambao fedha haikuwapo siku hiyo. Kila aliyejitoa alimsogeza mbele aliye nyuma yake, hivyo namba iliyozidi 8,000 haikuwa lazima iwe ya mkosaji. Ilikuwa namba ya kusubiri, na simu zenyewe zilichukua miezi mingi.

KWA NINI SI MNADA

Swali la mwekezaji ni kwa nini shirika linalohitaji fedha liache fedha mezani. Serikali za huku zikitaka kuondoa magari na vifaa chakavu huita dalali, akapiga nyundo. Mnada humpa muuzaji bei yote ambayo soko linaweza kutoa. Bahati nasibu humwachia mnunuzi sehemu ya bei hiyo, na sehemu hiyo ndiyo inayovuta maombi 19,000.

Sababu haijifichi. CMP lipo kwa ajili ya wapiga shabaha, na mnada wa bastola zote 8,000 ungezipeleka kwa matajiri wanaokusanya silaha. Pia wanasiasa waliopitisha sheria walikuwa wamewaahidi wapiga kura wao bastola ya bei ya kufikika. Kwa kuweka zile bora mnadani na zilizobaki kwenye bahati nasibu, shirika lilikula pande zote mbili: fedha ya wakusanyaji juu, na radhi ya wanachama chini. Ni mpango wa akili, ingawa aliyepata namba 15,000 huenda asikubali.

Wasomaji wa Nairobi watakumbuka hisa za Safaricom mwaka 2008. Bei ilikuwa Sh 5 kwa hisa, hisa bilioni 10, na maombi yakapita mara 5 ya kilichokuwapo. Pale kila mwombaji alipunguziwa. Alipewa kipande cha alichoomba. Bastola haigawanyiki, kwa hiyo ama unayo ama huna. Tofauti ya pili ni kubwa zaidi kwa mtu wa mtaji mdogo. Katika Safaricom fedha ililipwa kwanza, watu wakakopa benki, na riba ikaenda huku wakisubiri kurudishiwa. Katika bastola za CMP hakuna aliyelipia bidhaa kabla ya kupigiwa simu. Tiketi ilikuwa bure, ukiacha stempu, ada ya klabu na usumbufu wa karatasi. Tiketi ikiwa bure foleni hurefuka, na ndani yake huingia wengi ambao hawana hakika kama wanataka kununua.

NINI HASA KINANUNULIWA

Anayetaka bastola ya kupigia shabaha tu hana haja ya foleni hii. Kampuni ya Armscor ya Ufilipino hutengeneza nakala mpya za umbo lilelile, na nchini Marekani zimekuwa zikiuzwa kwa takriban dola 500. Ni mpya, zina udhamini, na mtu huingia dukani akatoka nayo. Kwa hiyo katika dola 950 za daraja la kati, karibu nusu ni bei ya historia, na historia ndiyo inayotaka uchunguzi kuliko chuma.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili kiwanda cha Colt hakikutosha. Jeshi likagawa kazi. Remington Rand, watengenezaji wa taipureta, walitoa zaidi ya bastola 800,000. Ithaca, kampuni ya bunduki za kuwindia ndege, ilitoa zaidi ya 300,000. Union Switch & Signal, waliokuwa wakitengeneza taa na mitambo ya ishara za reli huko Pennsylvania, walitoa kama 55,000. Na Singer, ndio haohao wa cherehani iliyoko barazani kwa kila fundi kutoka Lamu hadi Kigoma, walitoa 500 tu za majaribio, kisha wakahamishiwa kazi nyingine ya vita. Singer halisi ikitokea mnadani leo huzungumziwa kwa makumi ya maelfu ya dola, na zilizo katika hali nzuri zimewahi kupita 100,000.

Hapo ndipo wengi huingia tamaa, wakidhani huenda ndani ya shehena ya Anniston kuna Singer iliyosahaulika. Wakumbuke namna jeshi lilivyozitunza. Baada ya vita halikununua bastola mpya za aina hii. Lilikarabati zilizopo kwa miaka 40. Ghalani bastola zilivunjwa vipande, mitutu ikaenda kwenye sanduku la mitutu, sehemu za juu zinazoteleza kwenye sanduku lake, kisha fundi akaunga upya kwa kuchukua kipande chochote kinachofaa. Vipande viliundwa vilingane bila kujali kiwanda, na hiyo ilikuwa sifa yake kubwa vitani. Sokoni leo ndiyo kasoro yake. Bastola inaweza kuwa na kiwiliwili cha Remington Rand, sehemu ya juu ya Colt, mtutu wa kampuni ya tatu, na rangi ya kijivu iliyopakwa upya na ghala la jeshi miaka ya 1950.

Wakusanyaji hulipia bastola ambayo vipande vyake vyote vilitoka pamoja kiwandani. Ya namna hiyo, ikiwa na rangi yake ya kwanza, hupita dola 2,000 bila shida. Iliyochanganywa hukaa chini ya hapo kwa mbali, wakati mwingine juu kidogo tu ya bei ya CMP. Nyingi za zilizotoka Anniston ni za mchanganyiko. Hilo halikufichwa, maelezo ya madaraja yalisema wazi kuhusu kutu, vidoa na alama za matumizi.

HESABU YA MWENYE NIA YA KUUZA

Chukua mfano wa hesabu tu. Mtu amepata Field kwa dola 950. Mwenye duka amemtoza 40 kwa kupokea na kumkabidhi, jumla 990, bila kuhesabu kodi ya jimbo. Akiiuza kupitia kwa dalali anayechukua asilimia 10, na mteja akalipa 1,100, mkononi zinabaki dola 990 kamili. Hakupata wala hakupoteza, isipokuwa muda. Akipata mteja wa 1,300, baada ya dalali anabaki na 1,170, faida 180. Kwa kusubiri karibu mwaka, kujaza fomu na kwenda klabuni, kuna biashara rahisi kuliko hiyo.

Aliyepata Service hali yake ni nzuri zaidi, kwa sababu dola 100 za ziada alizolipa zilimnunulia hali ambayo soko huilipia zaidi ya dola 100. Hapo ndipo namba ya foleni inapogeuka kuwa fedha. Kati ya mwenye namba ya mwanzo na mwenye namba ya mwisho hakuna tofauti ya ujuzi wala mtaji. Ipo ya kompyuta.

Kabla ya hesabu, sheria. Bastola ikishakuwa mali ya mnunuzi anaweza kuiuza baadaye kwa kufuata sheria. Lakini kununua kwa jina lako huku mwenye fedha na mwenye mali ni mwingine ni kosa la jinai, na sheria ya mwaka 2022 imeliwekea kifungo kinachoweza kufika miaka 15. Sheria hiyohiyo ilipanua maana ya mfanyabiashara wa silaha: anayenunua na kuuza mara kwa mara kwa nia kuu ya kupata faida anatakiwa kuwa na leseni, hata kama hana duka. Kukusanya jamaa watano kila mmoja apeleke bahasha yake ili mzigo uishie kwa mmoja si ujanja wa soko. Ni kesi tano.

UGAVI NA BEI

Ilipotangazwa kwamba 100,000 zitafunguliwa, baadhi ya wenye bastola za zamani walihofia bei itaanguka. Hofu ilikuwa kubwa kuliko tarakimu. Zilipangwa kutoka kwa kiwango cha 8,000 hadi 10,000 kwa mwaka, katika nchi ambayo tayari ina nyingi za aina hiyo mikononi mwa watu. Na zinazotoka ni za kukarabatiwa, hazishindani na zile halisi za dola 2,000. Kama zipo zilizoguswa, ni za mchanganyiko za bei ya kati, ambazo muuzaji wake sasa anaulizwa kwa nini anataka zaidi ya CMP. Baadaye shirika lenyewe lilipandisha bei katika raundi zilizofuata, ishara kwamba foleni haikuwa imeisha.

Afrika Mashariki njia ni nyingine kabisa. Nchi zilizotia saini Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 zilikubaliana kudhibiti silaha ndogo na kuziharibu za ziada. Kenya ilichoma silaha 5,250 huko Ngong mwezi Novemba 2016. Kwa hiyo hakuna dalali wa hapa atakayepata mzigo wa aina hii, na anayepita mitaani akidai anao afikishwe polisi.

Kwa aliyeko Marekani na tayari ameipata, mambo mawili hulinda bei. La kwanza ni kutoing'arisha. Rangi iliyochakaa ya jeshi ina thamani. Rangi mpya ya fundi wa mtaani huiondoa, na haiwezi kurudishwa. La pili ni karatasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ofisi iliyotangulia CMP iliwauzia wanachama wa chama cha wenye bunduki bastola hizi kwa dola 17 tu. Zilizobaki na hati zao za mauzo na sanduku zilimofungwa huuzwa leo kwa bei ya juu kuliko ndugu zao zisizo na hati, maana hati hutaja namba ya bastola na kuthibitisha kwamba ilitoka jeshini kwa mlango halali.